Waliookolewa wangali wadogo, wakasononeka ukubwani

Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka nchini Romania, Desemba 1989, wageni walioingia katika vituo vya watoto walikuta vyumba vimejaa vitanda vya chuma vyenye watoto, na vyumba vingine vikiwa kimya. Watoto walikuwa wameshajua kwamba ukilia haji mtu.

Wengi hawakuwa yatima. Mwaka 1966 Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba ili taifa liongezeke watu, na wazazi waliolemewa wakaishia kuikabidhi serikali watoto wao. Kipigo kilikuwapo, njaa pia. Lakini pengo kubwa lilikuwa la mtu mmoja wa kumzoea, wa kumbeba mtoto bila sababu na kumjibu anapotoa sauti.

Baadhi yao waliasiliwa na familia za Uingereza. Profesa Michael Rutter, bingwa wa magonjwa ya akili ya watoto jijini London, akaanza kuwafuatilia 165 kati yao, akiwalinganisha na watoto 52 wa Uingereza walioasiliwa humohumo nchini. Walipimwa wakiwa na miaka 6, 11, 15, kisha kati ya 22 na 25. Matokeo ya awamu hiyo ya mwisho yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2017.

Waliokaa kituoni chini ya miezi sita hawakutofautiana sana na wenzao wa Uingereza. Waliozidi hapo walikuwa na shida ya kutulia na kujenga uhusiano na watu, na shida hiyo ikawafuata hadi ukubwani. Akili ya darasani, iliyokuwa nyuma walipofika, kwa wengi ilikuja kukaa sawa. Ajabu ni sonona na wasiwasi: utotoni havikuonekana sana, vikapanda walipoingia miaka ya ishirini, baada ya miaka mingi katika nyumba zenye upendo. Na bado mmoja kati ya watano wa waliozidi miezi sita kituoni hakuonyesha tatizo lolote katika awamu zote, jambo ambalo watafiti wenyewe wanahangaika kulieleza.

Romania ilikuwa hali ya kupindukia, na si haki kuipachika kwa kila nyumba yenye mzazi anayerudi usiku. Umaskini nao si kutelekeza. Bibi asiye na kitu anaweza kumpa mjukuu kila alichonyimwa mtoto wa vituo vile. Ninachokikataa ni ile kauli yetu, "mtoto atakua tu." Atakua, ndiyo. Kisha akiwa chuo kikuu halali usiku, na akiulizwa utoto wake ulikuwaje atasema hakukosa kitu: ada ililipwa, chakula kilikuwapo. Aliyepigwa ana tukio la kusimulia. Aliyetelekezwa anaumizwa na yale ambayo hayakutokea, na hayo huyapatia wapi maneno?

Hata takwimu zetu zina kigugumizi hapo. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009, uliowahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, ulijikita katika ukatili wa kingono, wa kimwili na wa kihisia. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na ya lazima, lakini kutelekezwa hakukuwa miongoni mwa nguzo zake tatu.

Romania yenyewe, kwa sheria ya mwaka 2004, ilizuia watoto wa chini ya miaka miwili kupelekwa vituoni, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa. Kenya nayo mwaka 2022 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha kwenye familia. Hatua hiyo ni njema. Ila kisheria utoto hukoma mtu anapotimiza miaka 18, na huo ndio umri ambao afisa wa ustawi wa jamii kwa kawaida hufunga faili. Kwa vijana wa Rutter, sonona ilijitokeza zaidi katika kipimo cha miaka 22 hadi 25.