Umri wa Gari na Moshi Wake

Baina ya Shelui na Misigiri, pale malori yatokayo Mwanza na Rwanda yanapoiacha mbuga ya Wembere na kuanza kuupanda mlima Sekenke, moshi wa gari hauhitaji kuelezwa kwa kitabu. Lori lenye shehena, likiingia katika kona za mlima ule, hutoa bombani wingu jeusi linalotangulia kuwafikia wenye baiskeli kabla lori lenyewe halijawapita. Sababu yake ni nyepesi kuifahamu: dizeli haiungui sawasawa ila ipate hewa ya kutosha, na pampu iliyochoka, pamoja na nozeli zilizolika, humwaga mafuta kuzidi hewa iliyopo, ilhali hewa yenyewe ya nyanda hizi za Singida, zilizo kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni hafifu kuliko ile ya pwani. Moshi wa buluu una habari nyingine, kwamba ringi za pistoni zimekwisha na oili inaungua pamoja na mafuta. Fundi yeyote wa gereji bubu hutambua hayo kwa jicho.

Ama hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, jicho haliwezi kuishika, na ndiyo maana nchi nyingine zikaweka mashine. Kwa gari la petroli, mkaguzi huingiza kijiti cha kipimo ndani ya bomba la moshi, injini ikiunguruma taratibu, kisha akasoma kiasi cha hewa ile na cha mafuta yaliyopita bila kuungua. Na kwa gari la dizeli, mafuta hukanyagwa ghafula mara kadhaa, huku kifaa chenye mwanga kikipima ni kiasi gani cha nuru kinachozuiwa na moshi. Uingereza ilianza ukaguzi wa lazima mwaka 1960, kwa magari yaliyotimiza miaka kumi. Japani hulikagua gari dogo la mtu binafsi linapotimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Na gharama za ukaguzi huo ni miongoni mwa mambo yanayomfanya Mjapani aliuze gari lake lingali zima. Hivyo basi, ile Noah inayobeba abiria kutoka Kiomboi yamkini imefika huku kwa kukimbia mtihani ambao huku hakuna anayeusimamia.

Si kwamba hatuna sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa askari uwezo wa kulizuia gari bovu, na chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zilitungwa, mwaka 2007, kanuni za viwango vya ubora wa hewa zinazogusa pia moshi wa magari. Lakini askari aliye barabarani aghalabu hutazama tairi, breki, taa na idadi ya abiria, kwa kuwa hayo ndiyo anayoweza kuyaona. Kilicho na nguvu hasa ni ushuru wa bandarini: gari dogo lililopita miaka minane huongezewa asilimia 15, na lililopita kumi asilimia 30. Kwa maneno mengine, dola humwuliza mwenye gari umri wa gari lake mara moja tu, gatini, wala haimwulizi tena hali yake maisha yote yaliyosalia. Kipimo hicho nakiona kiko upogo, kwani gari la miaka kumi na minane linalotunzwa vema huweza kutoa moshi kidogo kuliko la miaka tisa ambalo mwenyewe ameyang'oa masega ya bomba, yaani kile kichujio cha moshi chenye madini ya thamani, akayauza.

Mafuta, kwa bahati, yametengenea kiasi. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuyatia mafuta alama maalumu ili yaliyochakachuliwa yajulikane, na tangu 2015 dizeli ya Afrika Mashariki inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni.

Penye pengo ni njia ya kumfikia mwenye gari. Zamani alilipa ada ya leseni ya gari kila mwaka. Mwaka 2017 ada hiyo ikafutwa na kuhamishiwa katika bei ya mafuta, jambo lililompunguzia raia adha nyingi, lakini likaondoa siku pekee ya mwaka ambayo kila gari lilikuwa na hesabu na serikali. Iliyobaki ni bima, ambayo ni faradhi ya kisheria, na kwa rai yangu cheti cha moshi kingefungamanishwa nayo. Linabaki swali la nani apime na wapi. Uganda walikabidhi ukaguzi kwa kampuni ya Uswisi, SGS, na kufikia 2017 manung'uniko juu ya ada na mkataba yakausimamisha. Kwetu, mtu wa Itigi akiambiwa apeleke Canter yake mjini Singida ili ipimwe, atatumia gharama ya mafuta na siku nzima ya kazi, naye atatafuta cheti cha kununua. Lakini vifaa vya kupimia moshi hubebeka, na pikapu moja ingeweza kuvifikisha kwenye minada ya Manyoni, Ikungi na Mkalama siku zile zile ambazo magari ya mizigo yamekusanyika huko.