"Niko na huzuni": sarufi yetu katika tiba ya masimulizi

Tiba ya masimulizi ni njia ya kumsaidia mtu kwa kusikiliza jinsi anavyosimulia maisha yake. Iliasisiwa na Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand, ambao kitabu chao kilitoka mwaka 1990. Msingi wake ni kwamba mtu asichanganywe na tatizo lake. Mtoto anayeitwa "maibobo" kila siku huishia kujiona hana jina lingine. Msaidizi hutafuta hadithi ambazo jina hilo limezifunika: nani alimfundisha kupika, nani humgawia mkate, siku gani alikataa kuiba.

Afrika imeitajirisha njia hii. Ncazelo Ncube, mwanasaikolojia kutoka Zimbabwe, pamoja na David Denborough, waliunda zoezi la Mti wa Uhai kwa watoto wa kusini mwa Afrika waliofiwa na wazazi kwa sababu ya UKIMWI. Mtoto huchora mti: mizizi ni alikotoka, shina ni anayoyaweza, matawi ni matumaini yake, majani ni watu anaowathamini. Machungu huzungumziwa baadaye, mtoto akiwa amekwisha kusimama pahali imara.

Mimi nasoma isimu, si saikolojia. Kinachonivuta ni sentensi zenyewe. Kifaransa husema "je suis triste", na kitenzi "kuwa" humfunga mtu na huzuni yake. Sisi husema "huzuni imenishika" au "mawazo yamenizidi". Hapo tatizo ndilo kiima, na mtu ni shamirisho. Huku mashariki mwa Kongo husema pia "niko na huzuni", kwa "na" ile ile ya "niko na dada yangu". Huzuni ni mwenzi wa njiani, na wenzi huachana. Kwa hiyo swali "huzuni inakufanya nini?" si geni kwetu.

Lakini sarufi hiyo hiyo ina ngeli ya M-WA, inayoweza kuligeuza tatizo kuwa mtu: mlevi, mwoga, mwizi. Msaidizi anayeuliza "pombe imekunyang'anya nini?" hufungua mazungumzo ambayo "wewe ni mlevi" huyafunga.

Hatari kubwa iko kwingine. Kitu kilichokuja kinaweza kudhaniwa kimetumwa. Katika mtaa ambapo misiba hufasiriwa kama ulozi, swali "huzuni hii ilitoka wapi?" husikika kama "nani aliituma?" Jibu linaweza kuwa jina la jirani, mara nyingi bibi kizee asiye na wa kumtetea, naye akafukuzwa au hata kuuawa. Sarufi inatuonya: tunasema "pepo amempanda", kwa kiambishi cha kiumbe hai, lakini "huzuni imempata". Msaidizi alinde mpaka huo. Aulize: ilianza lini? Inakuzuia kufanya nini? Siku gani ilitaka kukushinda ikashindwa? Asiulize nani.

Ndiyo maana mwongozo wa Kifaransa hautoshi kutafsiriwa neno kwa neno usiku wa kuamkia mafunzo. Kila swali lisomwe kwanza mbele ya wamama na wazee wa mtaa, nao waeleze wamelisikiaje. Kazi hiyo ni ya watu wa lugha, na kitivo chetu kinao.