Zidane ni mtu wa aina gani?

Fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa Berlin tarehe 9 Julai 2006 ilituonyesha watu wawili ndani ya jezi moja. Dakika ya 7, Zinedine Zidane wa Ufaransa alidokoa penalti taratibu, mpira ukagonga mwamba na kuvuka mstari huku kipa wa Italia, Buffon, ameshajirusha upande. Dakika ya 110 alimpiga beki wa Italia, Marco Materazzi, kichwa cha kifua, akatolewa kwa kadi nyekundu, na huo ukawa mwisho wake wa kucheza soka. Italia ikatwaa kombe kwa penalti 5-3.

Basi mtu huyu ni mpole au mkali? Wapenda kubashiri haiba za watu mashuhuri hukimbilia kipimo cha Myers-Briggs, walichokibuni Wamarekani wawili, mama na binti yake, wakiegemea kitabu cha Carl Jung cha 1921. Kipimo hicho huwagawa wanadamu katika aina 16, kila moja na herufi zake nne. Kasoro yake kubwa ni kwamba hulazimisha kila mtu awe upande mmoja, ama mkimya ama mchangamfu, ilhali wengi wetu tuko katikati. Tena ni dodoso ambalo mtu hulijaza mwenyewe. Shabiki hawezi kumjazia Zidane.

Mwanasaikolojia Walter Mischel alitikisa fani ya kuchunguza haiba mwaka 1968 alipoonyesha kwamba tabia ya mtu hubadilika sana kufuatana na hali aliyomo. Baadaye, yeye na mwenzake Yuichi Shoda walieleza kwamba uthabiti wa mtu hujificha mahali pengine: katika namna anavyoitikia hali fulani, kila inapojirudia. Kwangu mimi, hapo ndipo pa kumtafutia Zidane.

Ugumu wa mchezo wenyewe haukumtetemesha. Mwaka 1998 aliifunga Brazil mabao mawili ya kichwa kwenye fainali ya Kombe la Dunia; mwaka 2002, mjini Glasgow, alipiga shuti la mguu wa kushoto mpira ukiwa bado hewani, akaipa Real Madrid ubingwa wa Ulaya. Lakini mtu alipomgusa yeye binafsi, mambo yaligeuka. Mwaka 2000, akiwa Juventus, alimpiga kichwa mchezaji wa Hamburg aliyemchezea rafu, akafungiwa mechi tano. Kuhusu Berlin, alisema kwenye televisheni kwamba Materazzi aliwatukana mama yake na dada yake. Materazzi alikiri kumtaja dada, akakana kumtaja mama.

Akiwa kocha wa Real Madrid, alituliza chumba kilichojaa nyota na kutwaa Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo, 2016 hadi 2018. Silka haikufutika, kilichobadilika ni mahali alipokuwa. Kwenye benchi hakuna beki anayekuvuta jezi kwa dakika tisini.

Kwa hiyo simpi Zidane herufi nne, na naomba msomaji naye asimpe. Anayetaka kumwelewa aiangalie mechi nzima ya Berlin, asitosheke na kipande kile cha sekunde chache. Ataliona bega lililoumia, miguu ya mtu wa miaka 34 katika muda wa nyongeza, na kichwa cha dakika ya 104 ambacho Buffon alikipangua juu ya mwamba, dakika sita tu kabla ya kadi.