Kwenda Dar es Salaam na Kiswahili cha Lubumbashi

Siku ya tatu baada ya kufika Dar es Salaam niliingia dukani, nikamwambia kijana aliyekuwa nyuma ya meza: "Nataka kuuza mkate." Akaitazama mikono yangu mitupu, akauliza: "Mkate gani? Uko wapi?" Nikamwonyesha ile iliyopangwa nyuma yake. Akacheka, kisha akaacha, nadhani kwa sababu aliona nimekasirika. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji maelezo. Kwetu anayetoa pesa na kuondoka na kitu ndiye anayeuza, na mwenye duka anauzisha. Kule mwenye duka ndiye anayeuza, na mteja ananunua.

Wenzangu wa kitivo wanaojiandaa kwenda kusoma Tanzania wameniomba niandike juu ya maisha ya mwanafunzi wa kigeni kule. Mambo ya kibali cha ukaazi, chumba na karo hubadilika, na ofisi zinazohusika zitawaeleza vizuri kuliko mimi. Nitaandika juu ya jambo ambalo hakuna ofisi iliyonieleza: ni vigumu zaidi kuzoea mahali unapodhani kwamba tayari unapajua.

Wataalamu huita hali hiyo mshtuko wa utamaduni. Aliyeueneza msemo huo ni mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954. (Oberg hakuwa mgeni Afrika, kabla ya hapo alikuwa amefanya utafiti Ankole, Uganda.) Alieleza kwamba mgeni hupoteza zile alama ndogondogo zinazomwongoza bila yeye kufikiri: lini apeane mkono, aseme nini akikutana na mtu, lini akubali mwaliko na lini aukatae. Mwanzoni kila kitu humpendeza, kisha huja hasira na lawama kwa wenyeji, na polepole hupata nafuu hadi akazoea. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard, baada ya kuwahoji Wanorwe zaidi ya 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo, alichora hali hiyo kama herufi U: juu, chini, kisha juu tena.

Mimi sikuanza juu. Baadaye nilisoma kwamba si mimi pekee: Colleen Ward na wenzake walifuatilia wanafunzi wa Kijapani huko New Zealand kwa mwaka mzima, na katika matokeo waliyochapisha 1998 walionyesha kwamba dhiki ilikuwa kubwa zaidi siku za kwanza kabisa. Hata hivyo wale Wajapani walijua kwamba wanakwenda ugenini. Mimi nilikuwa naenda kusoma Kiswahili, na Kiswahili ndicho nilichozaliwa nacho.

Darasani kwetu alikuwemo mwanafunzi kutoka China. Siku moja alisema, "Mimi anapenda sana ushairi," na darasa zima likampigia makofi. Dakika chache baadaye nikasema, "Niko paka mwanafunzi, sijue bado." Nilitaka kusema kwamba mimi ni mwanafunzi tu. Waliosikia "paka" walimwona mnyama, wakaangua kicheko, na jirani yangu akaniuliza: "Wewe si Mswahili wewe?" Swali hilo lilinikaa kifuani kwa wiki nyingi. Mchina alikuwa anajifunza, kwa hiyo kila alichokosea kilihesabiwa kuwa hatua mbele. Mimi nilihesabiwa kuwa ninajua, kwa hiyo kila nilichosema tofauti kilikuwa uvivu, au utani, au utovu wa adabu. Tangu siku hiyo nilikaa karibu miezi miwili bila kunyoosha mkono darasani.

Maneno yenyewe hayakuwa mzigo mkubwa. Utajifunza kwamba bibi ni nyanya na si mke, kwamba bukari ni ugali na sombe ni kisamvu. Nilipowaambia wenzangu wa bwenini kwamba familia yetu inakaa lupango moja na wajomba wawili, walinyamaza kwa huruma. Mtaani kule lupango ni jela. Tulipoelewana tulicheka wote, na jina la utani likanibakia.

Adabu ndiyo iliyoniumiza, kwa sababu kosa la adabu halisahihishwi na mtu. Ukikosea neno utaambiwa. Ukikosea heshima, watu watakuona hivyo ulivyo na kukaa kimya.

Karibu na chuo nilikula kila siku kwa mama lishe mmoja, mtu wa umri wa mama yangu. Nilikuwa nikifika na kusema kwa sauti ya uchangamfu, "Jambo mama! Nipe wali." Alinipa wali, lakini na wenzangu alitaniana, na mimi hakunitania. Niliamini hapendi Wakongomani. Ilipita miezi kabla mwenzangu wa chumbani hajaniambia ukweli, tena kwa aibu, kama mtu anayemweleza mwenzake kwamba nguo yake imechanika nyuma. Kule "jambo" husemwa zaidi kwa watalii. Mtu mzima husalimiwa kwa "shikamoo", salamu ambayo asili yake ni kushika miguu ya mkubwa, naye hujibu "marahaba". Na chakula hakidaiwi, huombwa: "naomba wali." Mimi nilikuwa nikimwamrisha mama wa watu kila siku ya Mungu, huku nikitabasamu.

Tena kwetu adabu ipo, ila imekaa mahali pengine. Lubumbashi mkubwa tunamheshimu kwa wingi: mnaenda wapi, baba? mmelala vizuri? Labda Kifaransa kimetia nguvu zoea hilo, labda lilikuwepo kabla; waachiwe wanaisimu wa kitivo. Nilipomwendea mhadhiri mmoja na kumwuliza kwa unyenyekevu wote, "Mtakuwa ofisini kesho, mwalimu?" aligeuka kutazama nani amesimama nyuma yake, akaniuliza: "Mimi na nani?" Hivyo kwa mama lishe nilinyima heshima nikidhani nimeitoa, na kwa mwalimu niliitoa kwa sarafu isiyotumika pale.

Tofauti hizi zina historia, na kuijua kulinisaidia kuliko ushauri wowote. Kiswahili sanifu ni uamuzi wa mkutano. Mwaka 1928 huko Mombasa lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kiswahili kilikuwa kimeshafika kwetu kwa misafara ya karne ya 19 iliyopiga kambi Nyangwe na Kasongo, na Katanga kikakulia hasa katika kambi za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906, miongoni mwa wafanyakazi ambao nyumbani walizungumza Kibemba, Kiluba na lugha nyingine nyingi. Si Kiunguja kilichoharibika njiani. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji wa Elisabethville, na mwaka 1990 Johannes Fabian aliitolea kitabu kizima cha uchambuzi. Ningependa kuona wanafunzi wangapi wa kitivo chetu wamekifungua.

Wala Watanzania hawana hatia kubwa. Wamesoma shule nzima ya msingi kwa Kiswahili sanifu, wakafundishwa kwamba hicho ndicho Kiswahili. Mtu anayetamka tofauti, kwa masikio yao, hajafika shule. Mwaka 1996 Shawna O'Grady na Henry Lane waliandika juu ya kampuni za Kanada zilizoshindwa kufanya biashara Marekani kwa sababu zilidhani nchi hizo mbili zinafanana mno, wala hazikujiandaa. Nilipoyasoma hayo nilijiona. Ningepelekwa Oslo ningeuliza kila kitu. Dar es Salaam sikuuliza chochote, na aliyejibu swali ambalo sikuuliza alikuwa mwenzangu wa chumbani, miezi mitatu baadaye.

Kesho yake nilikwenda kwa mama lishe nikasema, "Shikamoo mama. Naomba wali na maharage." Akasimama na upawa mkononi, akanitazama kwa muda. "Marahaba mwanangu. Leo umeamkaje?" Akaniongezea kipande cha samaki ambacho sikukilipia. Wiki ile nilimweleza juu ya "jambo" letu, kwamba kwetu ni salamu ya kweli na kwamba mtoto humpa mzazi wake. Alishangaa sana. "Kumbe ulikuwa unaniamkia," akasema. Tangu hapo alinisalimu "jambo" yeye mwenyewe, kwa mzaha, mbele ya wateja.

Wanaotaka ushauri, huu ndio wangu wote: jitangazeni kuwa wageni mapema. Semeni siku ya kwanza, "Natoka Kongo, Kiswahili chetu ni kingine kidogo, nikikosea mniambie." Kiburi cha kuwa mwenye lugha kinazuia sentensi hiyo isitoke. Mimi kilinizuia muhula mzima.

Kuna jambo la mwisho ambalo Oberg hakulizungumzia sana. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn waliirefusha ile U ikawa W, kwa sababu waliona kwamba arudiye nyumbani hushuka tena. Niliporudi nilimwambia mama mkubwa "shikamoo", naye akapiga kofi la mshangao: "Ee, bale ba Tanzania balikubadirisha!" Binamu zangu wakaniita mwalimu wa Swahili bora. Jumamosi ile nikaingia duka la mtaani, Katuba, nikasema bila kufikiri: "Naomba kununua mkate."

Mwenye duka akanipima kwa macho. "Unatoka wapi, yaya?"

Nikamwambia ninakaa barabara ya pili kutoka pale. Hakuniamini.