Kolaji: Tafakari kwa Mkasi na Gundi

Mwulize frateri wa mwaka wa tatu juu ya hali yake ya kiroho, naye atakujibu kwa sentensi zilizonyooka: anamshukuru Mungu, changamoto zipo, anaendelea kusali. Hasemi uongo. Ila sentensi hizo amekwisha kuzisema kwa walezi, kwa paroko wake na kwa mashangazi wakati wa likizo, hadi zimekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Waamini nao wana za kwao. Katika jumuiya ndogo ndogo, likiulizwa swali kwamba Neno la Mungu linatuambia nini leo, hujibu watu wale wale watatu kwa maneno yale yale, kisha mwenyekiti anashukuru na kufunga kwa sala.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kuyachelewesha maneno kidogo, ili moyo upate nafasi ya kutangulia. Njia hiyo ni kolaji.

Jina limetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kubandika, na kazi yenyewe ndiyo hiyo: unakata vipande vya picha na maandishi kutoka magazeti, kalenda za zamani, vipeperushi au vitambaa, unavipanga juu ya karatasi moja, kisha unavibandika. Kama sanaa yenye jina lake, kolaji huhesabiwa tangu mwaka 1912, pale Pablo Picasso na Georges Braque, waliofanya kazi Ufaransa, walipoanza kubandika vipande vya magazeti na karatasi za kupambia kuta ndani ya michoro yao. Haihitaji kipaji cha kuchora. Picha zimekwisha kutengenezwa na wengine. Wewe unachagua tu. Na hapo ndipo penye siri yake, kwa sababu uchaguzi hufanyika haraka kuliko maelezo. Mkono umekwisha kukata picha ya mlango uliofungwa kabla kichwa hakijapata sababu nzuri ya kuikata.

Nabii Nathani aliijua njia hii. Alipotumwa kwa mfalme Daudi baada ya kifo cha Uria, hakuanza na mashtaka. Alimsimulia habari ya tajiri aliyempokonya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi alikasirika na kutoa hukumu, ndipo alipoambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Habari ya mtu mwingine ilimwonyesha kile ambacho habari yake mwenyewe alikuwa amejifunza kuificha. Picha ya gazetini, iliyopigwa mahali usipopajua na mtu asiyekujua, inaweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Kwa tafakari ya mtu binafsi, tuseme siku ya mafungo, tenga saa moja na nusu hivi. Chagua swali dogo. Ukijiuliza Mungu ni nani kwangu, utapata njiwa, mshumaa na jua linalochomoza, na hutakuwa umejifunza lolote. Afadhali ujiulize: wiki hii moyo wangu ulikuwa wapi? Dakika ishirini za kwanza ni za kukata tu, bila kutafuta maana. Kata kinachokuvutia, na kata pia kinachokuudhi. Hicho cha pili watu wengi hukiruka. Kisha panga bila gundi. Sogeza, geuza, ondoa. Gundi ije mwisho kabisa, kwa maana ikishakauka mazungumzo kati yako na vipande yamekwisha. Asiye na gundi ya dukani apike ya unga wa ngano au wa muhogo, na asiye na mkasi achane kwa vidole. Kingo zilizochanika mara nyingi husema zaidi kuliko zilizonyooka. Neno moja kwa wenye haraka: msiguse Biblia, misale wala picha zilizobarikiwa. Karatasi za kufungia maandazi zipo za kutosha.

Baada ya hapo, kaa kimya mbele ya ulichotengeneza. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifundisha kuitafiti siku kwa shukrani, ukiangalia moyo ulipata faraja wapi na ukiwa wapi. Maswali ya kolaji yanakwenda njia hiyo hiyo, ila yanaanza na macho. Ni nini kimekaa katikati? Ni nini kimesukumwa pembeni? Nani anamtazama nani? Na swali ninaloliona kuwa bora kuliko yote: ni vipande gani nilivikata, nikavishika, kisha nikaviacha mezani? Tuseme frateri alikusudia kuonyesha wito wake, akagundua amekata majiko matatu na hakuna altare hata moja. Huenda anaikumbuka sana nyumba ya mama yake na hajawahi kulisema hilo kwa mtu. Huenda pia jarida alilopewa lilikuwa la mapishi. Zote mbili zinawezekana, na ni yeye peke yake, katika sala na pengine pamoja na mlezi wake wa kiroho, anayeweza kutambua.

Kolaji huzaa zaidi, kwa maoni yangu, inapotoka chumbani na kuingia katika jumuiya.

Sista Corita Kent aliliona hilo mapema. Alikuwa mtawa wa shirika la Moyo Safi wa Maria huko Los Angeles, Marekani, na mwalimu wa sanaa katika chuo cha masista wake. Miaka ya 1960 alichukua maneno na rangi za matangazo ya mikate na vyakula, akayageuza kuwa picha za kuchapa zinazozungumzia Ekaristi, njaa na amani. Wanafunzi wake aliwapa kipande cha kadibodi chenye tundu, watazame barabara na maduka kupitia tundu hilo, ili kitu walichokizoea wakione kana kwamba ni mara ya kwanza. Si wakuu wote wa Kanisa waliopendezwa na kazi yake, na mwaka 1968 aliacha utawa. Lakini kadibodi yenye tundu yeyote anaweza kuitengeneza kesho asubuhi. Mwingine ni Romare Bearden, Mmarekani mweusi, ambaye mwaka 1971 alitengeneza kolaji ndefu ya mtaa mmoja wa Harlem, New York: kanisa, kinyozi, duka la kona, watu barabarani. Mahali pengine aliondoa ukuta wa nyumba ili tuone maisha ya ndani. Na Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amebandika vipande vya majarida ya mitindo juu ya michoro ya vitabu vya zamani vya tiba, akituuliza mwili wa mwanamke unatazamwaje.

Sasa chukueni zoezi la Bearden mlipeleke kwenye jumuiya. Wekeni mezani magazeti ya mwezi mmoja na karatasi kubwa ya manila, na kazi iwe moja: tutengeneze mtaa wetu. Kwa muda kutakuwa na vicheko. Anayesoma kwa shida na mwalimu mstaafu wanakuwa sawa mbele ya mkasi, na wale wasemaji watatu wananyamaza kwa sababu mikono ina kazi. Kisha mtu atasema kwamba hapati picha. Waheshimiwa wapo tele, wachezaji wa mpira wapo, matangazo ya simu na mikopo yapo. Lakini mama anayeuza mboga alfajiri hayupo. Mlinzi wa usiku hayupo, au yupo katika habari ya wizi. Mzee asiyetoka kitandani hayupo. Dada wa kazi hayupo.

Msikimbilie kuchora. Acheni pengo jeupe pale ambapo mtu huyo angekaa, muandike ndani yake anafanya kazi gani, basi. Pengo hilo linauliza swali ambalo gazeti haliwezi kulijibu: hapa kwenye jumuiya yetu, je, yupo? Dada wa kazi anapika chai inayonywewa baada ya sala, lakini jina lake halimo kwenye daftari la jumuiya, Jumapili haruhusiwi kutoka, na mwajiri wake ameketi hapa hapa, ameshika gundi.

Kadinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwafundisha vijana wafanyakazi hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Mtakatifu Yohane XXIII aliziingiza katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961. Katika vikao vyetu vingi hatua ya kwanza huchukua dakika tano, kwa sababu tunadhani mtaa wetu tunaujua. Kolaji inairefusha. Hatua ya pili na ya tatu zinabaki kuwa kazi ya jumuiya, na gundi haiwezi kuzifanya kwa niaba yao. Mwajiri yule atampa msichana Jumapili yake, au hatampa.

Ipo hatari moja ambayo walezi na viongozi lazima waijue. Picha ya mtu inavutia kufasiriwa, na mtu aliyesoma saikolojia kidogo atatamani kumwambia mwenzake maana ya majiko yake matatu. Kanuni ya mezani iwe kusema ninachokiona mimi, au kuuliza, na mwenye picha awe huru kutojibu. Katika seminari jambo hili ni zito zaidi. Kanuni ya 240 ya Sheria za Kanisa inakataza kabisa kuomba maoni ya mlezi wa kiroho au ya waungamishi wakati wa kuamua nani apewe daraja takatifu na nani aondolewe. Kwa roho hiyo hiyo, kolaji iliyotengenezwa katika mafungo isifike mezani kwa gombera, isitajwe katika kikao cha walezi, wala isibandikwe ukutani bila ruhusa ya mwenyewe. Frateri akijua kwamba atapimwa kwayo, atarudi kwenye njiwa na mshumaa. Iwe mali yake: aiweke ndani ya daftari, ampelekee mlezi wake wa kiroho, au aichome usiku ule ule. Ile ya jumuiya ndiyo ibaki ukutani, pengo jeupe likiwa wazi, hadi mkutano ujao.