Tajiri wa dhahabu aliyekosa pesa za kumzika

Ukisikia habari za mbio za dhahabu za California, msomaji, bila shaka unamwona akilini mtu aliyeinama mtoni, karai mkononi, maji yakimfika magotini. Basi msahau huyo kwa muda. Aliyevuna kuliko wachimbaji wengi hakuwa na haja ya kulowa. Yeye alikuwa na duka.

Jina lake Samuel Brannan, mzaliwa wa jimbo la Maine mwaka 1819, na kazi aliyojifunza ni ya kupiga chapa. Julai 1846 aliwasili San Francisco, wakati huo kijiji kilichoitwa Yerba Buena, akiongoza Wamormoni zaidi ya 200 waliotoka New York kwa merikebu. Mwaka uliofuata alianzisha gazeti la California Star, kisha akafungua duka kwenye ngome ya John Sutter, mahali ulipo mji wa Sacramento leo.

Januari 24, 1848, fundi James Marshall aliokota dhahabu huko Coloma alipokuwa akimjengea Sutter kiwanda cha kupasua mbao. Sutter alitaka iwe siri, lakini wapi! Vibarua walianza kuja dukani kwa Brannan na kulipia bidhaa kwa vumbi la dhahabu. Jamaa hakukimbilia mtoni. Alinunua kwanza sururu, sepetu na makarai yote aliyoweza kuyapata. Ndipo Mei akapita katika barabara za San Francisco, kichupa cha vumbi la dhahabu mkononi, akipiga kelele kwamba dhahabu imepatikana Mto American.

Hebu piga hesabu. Karai alilonunua kwa senti 20 aliliuza kwa dola 15! Ni kama mtu anunue miavuli yote sokoni, halafu ndiye atangaze kwamba mvua inakuja. Watu waliacha kazi wakakimbilia machimboni, hata wafanyakazi wa gazeti lake mwenyewe, likasimama kuchapishwa Juni. Sidhani kama alisikitika sana.

Brannan hutajwa kuwa milionea wa kwanza wa California. Husimuliwa kwamba wakuu wa kanisa walipodai zaka alizokusanya kwa waumini, aliwajibu kuwa atazitoa akiletewa risiti yenye sahihi ya Mungu. Iwe kweli au utani, mwaka 1851 kanisa lilimtenga. Mwaka huo huo aliongoza kamati ya raia waliochukua sheria mikononi mwao San Francisco, kamati iliyonyonga watu wanne. Mwaka 1853 huyo huyo akachaguliwa kuingia seneti ya jimbo, kutunga sheria. Siasa ina vituko vyake!

Lakini siasa haikumshika kama ardhi. Alinunua viwanja San Francisco na Sacramento, kisha akajenga hoteli penye chemchemi za maji moto katika bonde la Napa, mji uitwao Calistoga.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mkewe, Ann Eliza, waliyesafiri naye katika merikebu ile ile, alichoshwa na ulevi na uzinzi wake. Mwaka 1870 walitalikiana, na mke akapewa nusu ya mali. Sioni wa kumlaumu mama huyo. Ila nusu hiyo ilitakiwa taslimu, na utajiri wa Brannan ulikuwa majumba na mashamba. Wewe ungefanyaje? Ilibidi auze haraka, na anayeuza kwa haraka wanunuzi humjua. Hoteli, viwanja, vyote vikaenda kwa bei ya kutupa. Chupa nayo ikazidi kumtawala.

Alifariki Mei 1889 huko Escondido, kusini mwa California, akiwa na umri wa miaka 70. Hapakuwa na pesa za mazishi. Mwili wake ulihifadhiwa San Diego kwa karibu mwaka mzima kabla ya kuzikwa, ilhali San Francisco watu walikuwa wakipita kila siku katika barabara yenye jina lake.