Waenketeri: ni nani hao wanaokuja kutuuliza maswali?

Familia nyingi zilizokimbia vita katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri zimekwisha kumpokea kijana mwenye tableti. Anaketi mlangoni, anauliza ni watu wangapi wanalala ndani ya nyumba, wanakula mara ngapi kwa siku, na kama wana imani na majirani wao. Kisha anaondoka, na mara nyingi harudi. Katika mikutano yetu na kamati za wahamaji tunaulizwa kila mara: majibu yetu yanapelekwa wapi? Wanakula pesa juu ya majina yetu? Leo tunataka kueleza kazi hiyo kwa upande wa wale wanaoifanya, kwa sababu wengi wetu katika mashirika ya hapa tuliipitia, na wadogo zetu wangali ndani yake.

Kwanza mjue kwamba enketeri, mara nyingi, si mfanyakazi wa shirika ambalo jina lake limeandikwa kwenye fulana yake. Serikali ya nchi ya nje au shirika kubwa linatoa pesa ili jambo fulani lichunguzwe. Kampuni ya utafiti na ushauri, yenye makao yake Ulaya au Marekani, inapewa kazi hiyo. Nayo inatafuta ofisi ya utafiti ya Goma, Bukavu au Bunia, na ofisi hiyo inaita vijana kumi au ishirini wenye diploma kwa siku kumi au kumi na tano. Chini kabisa yuko mtu wa kijiji anayeonyesha njia, pamoja na mwendesha pikipiki. Kila ngazi inakata sehemu yake. Maswali yameandikwa huko juu, kwa Kiingereza au Kifaransa, na enketeri ndiye anayetafuta namna ya kuyasema kwa Kiswahili, Kinande, Kihunde, Mashi au Kinyarwanda bila kuyageuza maana.

Tusiseme kwamba kazi hii ni mbaya tupu. Kwa kijana aliyemaliza chuo na kukaa miaka miwili nyumbani bila ajira, malipo ya siku kumi ni kitu kikubwa: yanalipa deni la nyumba, yanamsaidia mdogo wake kuendelea na masomo. Anajifunza kuhesabu, kuandika ripoti, na zaidi ya yote kusikiliza. Wengine walianza hivyo na leo wanaongoza utafiti wao wenyewe. Tena matunda ya kazi hiyo yalisikika mbali. Kati ya 2000 na 2007 shirika la International Rescue Committee lilifanya ankete tano juu ya vifo katika Kongo, na mwishoni likakadiria kwamba watu milioni 5,4 walikufa kupita kawaida tangu 1998, wengi wao kwa magonjwa na njaa, si kwa risasi. Wataalamu wengine walibishia hesabu hiyo baadaye. Lakini ndiyo iliyofanya dunia igeuze macho upande wetu, na ilianzia kwa watu waliotembea nyumba kwa nyumba.

Upande wa pili ni mzito. Mkataba, kama upo, mara nyingi ni karatasi moja inayosema kwamba kijana ni «mtoa huduma», si mfanyakazi. Maana yake akiumia njiani, akiugua malaria kijijini, akinyang'anywa simu kwenye kizuizi, ni shauri lake. Sheria ya Kazi ya nchi yetu (nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002), kifungu cha 40, inasema kwamba mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akiwa amekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akaajiriwa tena kabla miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Ni waenketeri wachache sana wanaolijua hilo, na anayelitaja anaogopa kwamba safari ijayo hataitwa.

Hatari nayo haigawanywi sawa. Mgeni akitoka, enketeri anabaki, na wenye silaha wanajua nyumba yake. Mwezi wa Machi 2017 wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Michael Sharp na Zaida Catalán, waliuawa Kasai. Majina yao yalijulikana kote. Mkalimani wao Betu Tshintela na waendesha pikipiki waliokuwa pamoja nao, wote Wakongomani, hawakutajwa sana. Tangu 2019 watafiti wa Bukavu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wametoa mfululizo wa maandiko uitwao Bukavu Series, ambamo wasaidizi wa utafiti wanasema wenyewe mambo haya: majina yao kukosekana katika ripoti, usalama wao, na maumivu ya kusikia habari za kubakwa na kuuawa siku baada ya siku bila mtu wa kuwauliza walilala namna gani.

Tena kuna haraka. Tableti inaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na mara nyingi mahali pia. Kiongozi wa timu anadai fomu nane kwa siku, wakati barabara peke yake imekula nusu ya siku. Ndiyo sababu kijana anakukata maneno ukiwa bado unaeleza jambo lenye uzito. Si dharau. Na wengine, tuseme ukweli, wanajaza fomu chini ya mti. Hilo linatuumiza sisi sote, kwani uamuzi juu ya maji au chakula unaweza kujengwa juu ya majibu ambayo hakuna mtu aliyeyatoa.

Mwaka 2025 uliongeza shida. Mwezi wa Januari Marekani ilisimamisha misaada yake, na mwezi huohuo M23 iliingia Goma, kisha Bukavu mwezi wa Februari. Benki za Goma zilifunga. Kuna waenketeri tunaowajua ambao kazi yao ilikatika katikati na siku walizofanya hazikulipwa. Ninyi mliotoa majibu hamkuambiwa neno, na wao pia hawakuambiwa.

Kwa hiyo anapofika, msimdai asichokuwa nacho. Enketeri haandikishi watu kwa msaada. Anachagua nyumba kwa kura, labda 100 kati ya 2 000, na nyumba iliyorukwa haikufutwa kwenye orodha yoyote. Kama kuna anayewaambia kwamba kujibu kutawaletea mfuko wa unga, au anayeomba pesa ili awaandike, mpelekeni mbele ya kamati. Mna haki ya kukataa swali, kukataa kutaja jina, na kusimama katikati ya mazungumzo.

Maswali magumu yaulizwe kwa kiongozi wa timu, kabla kazi haijaanza, na wenyeviti wa kamati ndio wenye nafasi hiyo. Nani analipa? Majibu yatahifadhiwa na nani? Vijana wa kambi wanaochukuliwa kuonyesha njia watalipwa kiasi gani, na wamepewa karatasi? Na siku ya kurudisha matokeo imewekwa katika bajeti? Hilo la mwisho lisingojee mwisho. Bajeti ikiisha kutiwa sahihi bila siku hiyo, enketeri hawezi kurudi hata akitaka, maana nauli ya pikipiki itatoka mfukoni mwake.